Mnanaa Kwenye Kofia

Mimi kazi yangu ni kukaa juu. Pale saiti wananiita Mama Juu, na usidhani ni heshima tupu, maana wengine hulitamka huku wamebana kicheko. Lakini ukweli ndio huo. Ile kreni ndefu ya manjano inayoonekana tangu mtaa wa nyuma, ndani ya kile kijumba cha vioo karibu na kileleni, anayekaa ni mimi. Nilianza kwa kubeba ndoo za zege kichwani. Nikafunga nondo. Nikapanda kidogo kidogo, nikichekwa na kusukumwa, mpaka nikakikalia kile kiti, na siku nilipokikalia niliapa sitoki mpaka jengo liishe au mimi niishe.

Basi mwili wangu nao ukaona unikomeshe. Nilipogonga hamsini tu, joto likaanza. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika masikioni, na uso mzima unawaka kama mtu aliyefunua sufuria ya maji yanayochemka. Kisha jasho, tena si la kufuta kwa kidole, ni la kukamua nguo. Kisha baridi. Nyumbani tulilifanya mzaha, kwa sababu madirisha yalikuwa hayafungwi na baba watoto alikuwa analala na sweta na soksi, akilalamika kwamba ameoa jiko. Kule juu hakukuwa na mzaha. Nimezungukwa na vioo, jua linaingia kila upande, na mikono yangu miwili imeshika mzigo unaoning'inia juu ya vichwa vya watu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya Fomeni. Kabla yangu kiti kile kilikuwa cha mzee mmoja tuliyezoea kumwita Mjomba. Siku moja Mjomba alishikwa na kizunguzungu kidogo, akakosea kwa kuwa mkweli, akasema. Alishushwa saa ile ile. Sasa yuko stoo anagawa misumari. Fomeni akatukusanya wote akatuambia kule juu hakuna mgonjwa: anayeumwa anashuka, na akishuka hapandi tena. Nilimsikia vizuri sana. Nikaufunga mdomo wangu nikatia na kufuli.

Aliyenigundua ni wifi yangu, dada yake baba watoto. Yeye ni mkandaji, ana chumba chake cha kukandia kina mama migongo na mabega, na hakuna mwili wa mwanamke usiomwambia siri zake. Nilikwenda kumsalimia, akanikuta najipepea na mfuniko wa ndoo. Akacheka mpaka akakaa chini. Akanikaribisha kwenye chama cha sisi tunaowaka. Halafu akafungua kabati, akanitolea kichupa cheusi kidogo, mafuta ya mnanaa, yale makali kabisa ambayo harufu yake tu inakufungua pua na kukutoa usingizini.

Wifi si mtu wa kudanganya wateja. Aliniambia wazi kwamba mafuta yale hayazuii joto la umri wetu, na yeyote anayesema yanazuia anataka kuuza. Yanachofanya ni kupoza ngozi, kuchangamsha kichwa kilichochoka, na kumpa mtu kitu kizuri cha kuvuta puani anapohisi anataka kumrukia mtu. Yeye mwenyewe hutia tone moja kwenye leso. Jioni huchanganya matone machache na mafuta ya nazi, anajipaka shingoni na kwenye nyayo. Kisha akakunja uso, akanishika mkono kama mtoto wa shule. Yasipakwe bila kuchanganywa. Yasisogezwe karibu na uso wa mtoto mdogo. Na machoni, hapana kabisa. Akanirudisha mara mbili niseme mwenyewe, nikasema, huku nikimcheka moyoni. Mimi naendesha kreni, nani wa kunifundisha tahadhari?

Sasa hapa ndipo akili yangu iliponiponza. Mwendesha kreni hashiki mafuta. Ni jambo la kwanza nililofundishwa: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupanda, maana kishikio kikiteleza kidole kimoja kule juu, chini mzigo umekwenda hatua nzima. Miaka mingi sijapaka mikono yangu mafuta ya aina yoyote, imekakamaa kama gunia. Kwa hiyo mafuta ya nazi, hapana. Leso nayo inataka mkono wa kuinyanyua, na mikono yangu yote iko kazini. Nikawaza, nikawazua, nikajiona mjanja. Ndani ya kofia yetu ngumu kuna ukanda wa sponji unaokaa kwenye paji la uso, wa kunyonya jasho. Nikatia mnanaa pale, mkavu mkavu bila kuchanganya na kitu. Mikono safi, kichwa kinapoa, na Fomeni hajui lolote.

Siku ya kwanza nilitaka kumpigia wifi kigelegele. Joto lilipokuja, paji la uso likapoa kama vile nimefungua friji. Siku ya pili nikaongeza. Wiki nzima, kila asubuhi kabla ya kupanda, najibanza nyuma ya choo nadondoshea ukanda, wala siufui, naongezea tu. Ngozi ya paji iliwasha kidogo nikajikaza kisabuni. Aliyenusa ni mmoja tu, naye ni Kasuku. Alinipita karibu akasema siku hizi Mama Juu ananukia peremende, nikamwambia aangalie mambo yake.

Huyo Kasuku nisipokueleza hutanielewa. Ndiye mpiga ishara wangu wa chini. Mzigo ukishaingia nyuma ya ukuta mimi siuoni, ananionea yeye, na tunazungumza kwa redio za mkononi. Lakini hazungumzi kama watu. Analirudia neno moja bila kupumzika, shusha, shusha, shusha, na mkono wangu unakwenda kwa sauti yake. Sauti ikikatika, mkono unasimama. Hata akikohoa, nasimama. Hiyo ni sheria kati yetu, ndiyo iliyompa jina, na ndiyo iliyowafanya watu waende makwao na viungo vyao vyote. Mzigo ukiwa wazi, juu ya kuta, ananiambia "sasa wako", ananyamaza, na macho yanakuwa yangu.

Siku hiyo tulikuwa tunateremsha ngazi. Siyo ngazi ya mbao, ni ngazi nzima ya zege iliyomwagwa chini, vidato na vyote, unaiteremsha ndani ya shimo lenye kuta pande tatu mpaka ikae mahali pake. Ndani ya shimo kunakuwa na fundi wa kuipokea, na aliyekuwa zamu ni Mrefu, bwana mmoja mpole mwenye shingo ya kuchungulia watu juu ya ukuta. Akishasimama kwenye kona yake ngazi ikaanza kushuka, inamzibia njia ya kutokea. Inakuwa kwa muda mfupi tu, mpaka ikae. Sijawahi kuupenda muda huo.

Kasuku alikuwa anaimba, shusha, shusha, na ngazi ilikuwa imeshaingia nusu, joto likaja. Halikubisha hodi. Nilihisi kifua, nikahisi shingo, nikasema moyoni pita tu, pita, niko kazini. Jasho likafumuka kichwani kote. Tone la kwanza likateremka kwenye nyusi likaingia jicho la kulia, nikadhani ni jasho kama jasho.

Lilikuwa ni moto. Siwezi kukuelezea kwa namna nyingine. Nikavuta pumzi, na kabla sijaitoa jicho la kushoto nalo likapata lake. Nikafuta kwa mkono wa shati, mkono ule ule niliokuwa nafutia paji tangu asubuhi, nikawa nimejipaka upya. Macho yakajifunga yenyewe. Nikayaamuru yafunguke, yakagoma. Mafuta ya wiki nzima yalikuwa yamekaa kwenye sponji yakinisubiri.

Mkono wangu ulikuwa umeshasimama. Kasuku akauliza kulikoni, mbona nimeganda. Nikabonyeza redio nikamwambia asubiri kidogo, kwa sauti tulivu kabisa ya mtu anayekuna pua. Breki zinashika, mzigo hauendi popote, nitanawa, nitaona, tutaendelea, na hapana atakayejua. Ndivyo nilivyojiambia. Nikapapasa chupa ya maji ya kunywa nikajimwagia usoni. Maji yakaingia mpaka kwenye sidiria, macho yakabaki yamefumba. Nilimwona Mjomba na misumari yake, tena nilimwona vizuri kuliko kitu chochote, kwa sababu ndiye peke yake niliyekuwa naweza kumwona.

Kisha kijumba kikalia kwenye maungio yake, na nikaujua ni upepo. King'ora cha upepo kikaanza kupiga juu ya kichwa changu.

Sauti ya Kasuku ilibadilika. Alisema ngazi imeanza kucheza, inakwenda ukutani na kurudi, na Mrefu hana pa kutokea. Alitaka niipandishe mara moja, niitoe shimoni, na ikifika juu ya kuta niichukue mwenyewe niipeleke uwanjani.

Kupandisha ningeweza, mkono unajua. Angeimba, ningefuata, wala asingegundua kwamba nimefumba. Lakini ngazi ingetoka shimoni, angesema "sasa wako", angenyamaza, na pale mbele ya shimo kulikuwa na jukwaa la mabomba lenye mafundi wa kupiga lipu wamejipanga kama nguo kwenye kamba. Ningeipeleka wapi? Na ile redio inasikika kote: ofisini kwa injinia, kiunoni kwa Fomeni, stoo kwa Mjomba. Neno likishatoka limetoka. Nilikuwa naogopa kupoteza kiti kile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu maishani, nasema bila aibu. Nikabonyeza.

"Sioni," nikasema.

"Huoni mzigo?"

"Sioni chochote. Macho yamefunga. Usiniachie hata ukiwa juu. Niongoze mpaka chini."

Nilisubiri matusi. Nilisubiri sauti ya Fomeni. Kilichokuja ni Kasuku, polepole, kama mtu anayemwita paka.

"Nimekupata, dada. Macho ni mimi. Pandisha, pandisha, pandisha."

Nikapandisha. Gizani kreni ni mnyama mwingine kabisa. Kila mtikisiko unaupokea kwa makalio, kila mlio unadhani ndio wa mwisho. Nilihisi uzito unavyoyumba, unavuta mbele, unarudi, na kila ukirudi najua unarudi kwenye ile kona. Pandisha, pandisha. Halafu kitu kikagonga. Nilikihisi kikipanda kwenye waya mpaka kwenye kiti changu, na kwenye redio, nyuma ya sauti ya Kasuku, mtu akapiga ukelele. Sauti ikakatika.

Nikasimama. Sheria ni sheria. Nikakaa gizani na vishikio mkononi, king'ora kinapiga, jasho linatiririka, na kule chini kimya. Nilimwita Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Nikamwona mke wa Mrefu, ambaye sijawahi kumwona, nikaanza kumweleza kwamba ilikuwa ni mafuta ya mnanaa, mama, ya kupoza joto, na nikaona jinsi yasivyoelezeka.

"Pandisha," Kasuku akasema.

"Mrefu je?"

"Pandisha kwanza."

Basi nikapandisha bila kujua napandisha kutoka kwenye nini. Hapo ndipo nilipolia, na kama ningekuwa na macho ningeyafuta. Akaniongoza juu ya kuta, hakuniachia. Kushoto, kushoto, kushoto, simama. Tukasubiri upepo upite. Kushoto kidogo. Shusha, shusha, shusha. Nilihisi uzito ukiondoka kwenye waya taratibu, kama mtu anayekaa kitandani kwa tahadhari. Imekaa, akasema. Niachie vishikio. Nikaachia, na vidole vikabaki vimejikunja vile vile.

"Mrefu mzima," Kasuku akaongeza. "Imemkwaruza bega. Kaa hapo hapo, nakuja."

Alipanda mwenyewe, na kitambi chake chote. Akashuka mbele yangu, akiwa chini yangu kwenye ngazi ya chuma, ananishika kifundo cha mguu na kukiweka juu ya kila kidato, huku akisema "hapa, hapa, hapa". Hata pale hakuacha kuwa kasuku. Chini, mama wa huduma ya kwanza akaniinamisha bombani akaniosha macho kwa maji yanayotiririka, muda mrefu mpaka shingo ikakaza, kila nikitaka kuinuka ananirudisha. Mwisho nikaanza kuona ukungu wenye watu ndani yake.

Mtu wa mbele kwenye ukungu alikuwa Fomeni. Saiti nzima ilikuwa imesimama nyuma yake. Mrefu alikuwa amekaa juu ya tofali, shati limechanika begani, amelibana bega kwa kiganja.

Fomeni aliniangalia vizuri. Mimi nilitarajia anifokee, lakini alisogea karibu akashusha sauti. "Vumbi, siyo?" akauliza. "Upepo ulileta vumbi."

Alikuwa ananipa mlango. Vumbi halina mwenyewe. Vumbi likikuingia machoni wewe si mgonjwa, kesho unapanda, naye hana maelezo marefu ya kutoa kwa wakubwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo. Lakini nilimwona Mrefu na lile bega, nikajua keshokutwa ataingia tena kwenye kona ile, na joto langu halitakuwa limekwenda popote. Nikakasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

"Si vumbi," nikasema, tena kwa sauti ya kusikika. "Hedhi yangu inakoma. Mwili unawaka moto kila siku, tena nikiwa kule juu. Nilitia mafuta ya mnanaa kwenye kofia ili nipoe, jasho likayashusha machoni. Nimewaficha, kwa sababu ya kile kiti."

Wanaume wote wale wakaanza kuzitazama buti zao. Ungedhani wamedondosha kitu. Fomeni mwenyewe alikohoa, akasema basi, amesikia, nitakwenda stoo, kesho atatafuta mwingine wa kupanda. Hakusema kwa ubaya. Moyo wangu ulivunjika pale pale, sikujaribu hata kuuficha, nikageuka niende kuchukua mkoba wangu.

Mrefu ndiye aliyezungumza, akiwa bado amekaa juu ya tofali lake. "Huyo mwingine," akamwuliza Fomeni, "siku akipofuka na mzigo ukiwa kichwani kwangu, atasema?"

Fomeni akageuka kulitazama lile shimo.

"Hata mimi nilinyamaza kwanza," nikamwambia Mrefu, maana sikutaka anipakie sifa nisizozibeba. "Nilimwambia Kasuku asubiri kidogo."

"Najua. Nilikuwa nasikia redio. Lakini ulisema."

Fomeni akanyoosha mkono, akaniomba kofia. Akaigeuza, akanusa ukanda wa sponji, akaurudisha puani akanusa tena, safari hii taratibu. Uso wake ukalegea kwa namna ambayo sijawahi kuiona tangu nimjue.

"Mke wangu anayatia haya kwenye mto," akasema, nusu kwangu na nusu kwa nafsi yake. "Aliniambia ni ya mafua."

Akauchomoa ule ukanda, akautupa kwenye pipa la takataka, akanirudishia kofia yangu. Akaniambia niende kwa daktari anitazame macho na huo moto wenyewe, na daktari akiridhika nirudi nitafutiwe ukanda mpya.

Nimerudi. Daktari alinikagua kwa makini, akanipa na dawa ya kumeza. Wifi alinigombeza wiki nzima, kisha akanifungia leso yenye tone moja tu la mnanaa, nimeifunga pembeni ya kiti inanukia kwa mbali, wala siigusi. Feni ndogo wameniwekea. Na kati yangu na Kasuku tumeongeza sheria moja. Nikihisi kifua kinaanza, sisubiri kifike shingoni, nabonyeza redio na kusema neno moja, mbele ya injinia, Fomeni, stoo na wote.

"Joto."

"Joto," Kasuku anajibu. "Simama, simama, simama."

Na saiti nzima inasimama. Mrefu anatoka kwenye kona yake, mafundi wa lipu wanakaa kwenye jukwaa wanaangalia juu, hakuna anayecheka, na mimi nakaa na mikono mapajani nikingojea mwili wangu umalize. Ukimaliza nawaambia, nao wanarudi kazini.